Maua ya bustani ya ufukweni yamenifia mlimani

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Buswelu hapa Mwanza, na kiwanja chetu kiko mlimani kwenye mawe. Mwezi wa saba nilikwenda na wenzangu wa kikoba kutembelea bustani ya mama mmoja mstaafu kando ya ziwa. Huwa anawafungulia watu mwisho wa wiki, kiingilio shilingi elfu tano. Sijawahi kuona mahali pazuri vile. Alinipa matawi ya haibiskasi na bogenvilia nyekundu, na mche wa yale majani mapana wanayoyaita masikio ya tembo. Nilivipanda jioni ileile, nikawa namwagilia kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni. Wiki tatu hazikupita, vyote vikakauka. Jirani mmoja anasema sina mkono wa kupanda, mwingine anasema maua ya kupewa hayashiki, mpaka uibe. Kuna ua la zambarau lilikuwa linaelea bwawani, hilo alininyima kabisa, na alitukataza kukanyaga majani, mpaka nikaudhika. Mwanangu wa miaka sita naye alivunja tawi la mnyaa wa uzio, utomvu ukamwingia jichoni, jicho likawa jekundu siku mbili. Mume wangu anasema tumelipa hela kuangalia maua, basi yaishie hapo. Je, nikubali kwamba mlimani hapafai bustani? Nilete lori la udongo mweusi? Au tutafute kiwanja ufukweni? Na nikirudi kule, niangalie nini?"*

Marahaba, mama.

Nianze na jirani zako, kwa kuwa maneno yao yanaweza kukukatisha tamaa kuliko jua lenyewe. Hakuna mtu aliyezaliwa na mkono wa kuua maua. Na tawi halina habari kama limetolewa kwa moyo mweupe au limechomolewa mwenye nalo akiwa anaangalia pembeni. Nadhani imani hiyo ya kuiba ina sababu ya kawaida tu: anayeiba hukata kitawi kifupi harakaharaka na kukificha mkobani, penye giza na unyevu, wakati aliyepewa hubeba tawi refu na maua yake yote, akaenda analionyesha kwenye daladala hadi nyumbani. Kile kitawi cha mwizi kina nafasi kubwa zaidi ya kushika. Endelea kupewa, lakini beba kama mwizi.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Umeona uzuri mahali, umejaribu kuuhamishia kwako, umeshindikana, na unajiuliza kama kosa ni lako au la mlima. Mle bustanini uliangalia maua, na maua ndiyo kitu cha mwisho kuangalia. Kinachoyaweka hai kiko chini yake na pembeni yake: udongo, maji, upepo, kivuli, na mtu anayeamka alfajiri kushika mpira wa kumwagilia. Ulibeba mimea mitatu, hayo mengine yote yakabaki ufukweni.

Chukua udongo. Wasukuma waliupa majina yake zamani, na majina hayo bado ni kipimo kizuri kuliko maelezo mengi ya vitabuni. Juu kilimani, kwenye majabali, kuna udongo mwepesi wa kichanga uliotokana na granaiti kumeng'enyeka kidogokidogo. Huo ni luseni. Ukishuka unakutana na itogolo, ambao chini yake una tabaka gumu lisilopitisha maji vizuri. Ukifika bondeni kabisa ni mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi unaonata miguuni wakati wa masika na kupasuka nyufa kiangazi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa na makazi yake Amani kule Usambara, aliuandika kitaalamu miaka ya 1930 utaratibu huu wa udongo kubadilika kadiri unavyoshuka mteremko, na dhana yake ikafundishwa dunia nzima. Lakini mkulima wa Kwimba au Magu hakuhitaji kuisoma. Alijua mihogo na karanga vinakaa wapi, na mpunga unakaa wapi.

Wewe uko kwenye luseni. Yule mama yuko kwenye ukingo wa ziwa, ambako udongo umesombwa kutoka juu kwa miaka mingi ukakusanyika, na maji ya ardhini hayako mbali na mizizi. Masikio ya tembo ni ndugu wa magimbi. Umewahi kuona magimbi juu ya jabali? Yanakaa kwenye mifereji na kando ya visima. Ule mche ulikuwa na hukumu tangu ulipopanda gari.

Chembe za kichanga ni kubwa, na nafasi kati yake ni kubwa pia, kwa hiyo maji hupita moja kwa moja kwenda chini na kubeba chakula cha mmea. Kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni kililowesha juu tu, pengine kina cha vidole viwili. Jua la saa nne likakifuta. Mmea unaomwagiliwa hivyo unakuwa na unyevu pale usipouhitaji na ukame pale mizizi inapotakiwa kwenda. Ni heri umwagilie lita kumi mara mbili kwa wiki, polepole, kuliko kikombe kila siku.

Halafu kuna upepo, na huu wageni wengi hawautilii maanani kwa sababu wanaufurahia. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na ile ya juu ya ziwa huja kushika nafasi yake, ikiwa ya baridi na yenye unyevu. Ndiyo maana mlipokaa mle bustanini saa tisa alasiri mliona raha. Majani ya mle ndani nayo yaliona raha. Upepo uleule ukishapita juu ya mabati, lami na majabali mpaka ukafika Buswelu, umekuwa mtu mwingine. Na majabali yenyewe hunywa joto mchana kutwa na kulitoa usiku, kwa hiyo mmea ulio upande wa magharibi wa jiwe lako hupigwa mara mbili: jua la alasiri, kisha joto la jiwe mpaka saa nne usiku.

Juu ya hayo yote, ulipanda mwezi wa saba. Kwetu huku mvua za vuli huanza kuelekea Oktoba na masika hushika kuanzia Machi hadi Mei. Juni mpaka Septemba ni kiangazi. Tawi lililokatwa halina mizizi ya kuvuta maji, lakini majani yake yanaendelea kupumua na kupoteza maji kana kwamba hakuna kilichotokea. Ni mashindano: mizizi iwahi kuota kabla tawi halijakauka. Wewe uliliacha na majani na maua, kwenye kichanga, juani, kiangazini. Hata mimi ningelizika.

Haibiskasi na bogenvilia hazina ugumu ukizishika wakati wake. Vuli inapoanza kuchanganya, kata tawi lililokomaa kiasi, lisiwe kijani laini wala kuni, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Kata chini kidogo ya kifundo, yaani pale jani linapotokea, maana mizizi hupenda kutokea hapo. Ondoa maua yote. Ondoa majani yote, au acha mawili ya juu uyakate nusu. Jaza viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, mchanga uliochanganywa na mboji iliyoiva, zamisha theluthi mbili ya tawi, shindilia kwa vidole pasibaki hewa, mwagilia, weka chini ya mwembe au kwenye kibaraza kisichopigwa jua. Unaweza kukifunika kiriba kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga ili unyevu usikimbie. Ufungue kidogo kila siku. Kisha usivute tawi kuangalia kama lina mizizi! Hilo ndilo linaloua vipandikizi vingi kwenye nyumba zenye watoto, na zenye watu wazima wasio na subira pia. Subiri wiki sita hadi nane. Bogenvilia ni ya shida zaidi kuliko haibiskasi, basi ukipanda kumi zikashika nne umefanya vizuri. Na ukiihamisha kwenda shimoni, chana kiriba kwa wembe, usiukung'ute udongo, kwa sababu mizizi yake ni miororo na haisamehe.

Sasa lile ua la zambarau. Ulihisi umenyimwa. Mimi ningempa yule mama mkono.

Kama lilikuwa na majani ya mviringo yanayong'aa, na vishikizo vilivyovimba vyenye sponji ndani, basi hilo ni gugu maji. Asili yake ni Amerika Kusini, na limesambaa duniani kwa sababu ileile iliyokuvutia wewe: watu waliliona zuri wakalipeleka kwenye madimbwi yao. Kwenye Ziwa Victoria lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Muulize mvuvi yeyote wa Kirumba au Igombe aliyekuwepo miaka ya 1990 kilichofuata: mialo iliyoziba, mitumbwi isiyoweza kutoka, injini zinazosakamwa. Likipata joto na maji yenye rutuba, eneo linalofunikwa nalo linaweza kuwa maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Ilibidi waletwe wadudu maalumu wanaolitafuna, wa jamii ya fukusi, ndipo likapungua, na mpaka leo halijaisha. Kishada kimoja kwenye ndoo yako, mvua moja kubwa, mfereji mmoja wa Buswelu unaoshuka ziwani, na wewe umechangia. Tena ningemshauri yule mama alitoe hata kwenye bwawa lake, alianike juani mpaka likauke kabisa.

Lakini huenda lilikuwa yungiyungi, ambalo nalo huwa na rangi ya buluu au zambarau. Hilo mizizi yake imeshika tope chini, jani ni sahani iliyolala juu ya maji na lina mkato mmoja, na halina uvimbe kwenye kishikizo. Hilo ni la kwetu, halina ubaya. Ukirudi, angalia kishikizo tu, utajua.

Hofu hii si ya kwetu peke yetu. Mchoraji Claude Monet alipotaka kuchimba bwawa kule Giverny, Ufaransa, mwaka 1893, akaomba ruhusa ya kuingiza maji ya kijito, majirani walipinga wakihofia mimea yake ya kigeni ingeharibu maji wanayotumia na kunywesha mifugo. Alipata ruhusa, akachora yale mayungiyungi mpaka uzeeni, na bustani ile ilifunguliwa kwa umma mwaka 1980. Watu wanaisifu leo, lakini wale majirani hawakuuliza swali la kipumbavu.

Kuhusu kukanyaga majani, hapo hakuwa na maringo. Udongo mzuri una vijitundu vingi sana vinavyopitisha maji na hewa. Mguu mmoja hauna neno. Miguu ya vikundi vitano kila Jumamosi inaviziba, hasa udongo ukiwa na maji, na kwa sababu ufukweni udongo una mfinyanzi zaidi kuliko kwenu, ukishakandamizwa haurudi upesi. Maji yanabaki juu, mizizi inakosa hewa, majani yanakuwa ya njano, na mwezi unaofuata wewe mwenyewe ungesema bustani imechoka. Pita kwenye njia. Usiegeshe mtoto juu ya tuta ili umpige picha.

Na mtoto mwenyewe: hapa naomba usome taratibu. Utomvu mweupe wa mnyaa si maziwa ya kuchezea. Huunguza ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kuchubua kioo cha jicho. Ujanja wake mbaya ni kwamba mara nyingi hali huzidi baada ya saa kadhaa, wakati mzazi ameshajituliza. Ikitokea tena, osha jicho hapohapo kwa maji safi mengi yanayotiririka, dakika 15 hadi 20, kope zikiwa zimefunguliwa, hata akilia. Nawa mikono yako kwanza, maana huenda nawe umeshaushika. Asilisugue. Usimkamulie maziwa ya mama jichoni, usitie asali wala dawa ya macho iliyobaki kabatini. Kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Sekou Toure au Bugando watamwona. Kwa sasa umesema wekundu uliisha. Kama bado anafumba jicho akitoka nje kwenye jua, anatokwa machozi, au anaona ukungu, usingoje, mpeleke kwa daktari wa macho wiki hii. Ukitaka kujua haraka, mzibe lile jicho lisiloumia, umwonyeshe picha ndogo kwenye simu, kisha uzibe lingine. Jaribio hilo ni la kukusukuma uende tu. Hata akiona vizuri halichukui nafasi ya daktari.

Usukuma tumezoea minyaa kwenye uzio na maboma, ndiyo maana hatuiogopi. Kwenye bustani za watu kuna mingine ya kuwaambia watoto wasiichume wala kuitia mdomoni: oleanda zile za maua ya waridi, mbarika na mbegu zake zenye madoa, na yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta. Na kama bustani inashuka mpaka majini, watoto wasichezee maji ya ukingoni penye majani. Konokono wa kichocho hukaa humo, na vijidudu hupenya kwenye ngozi bila mtoto kuhisi kitu.

Nirudi kwenye mlima wako. Umeniuliza mambo matatu na hayana uzito sawa.

Kiwanja cha ufukweni kwa ajili ya maua, nakushauri uache. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na wauzaji wengi hawatakwambia hilo mpaka umeshatoa hela. Ziwa nalo hupanda. Mwaka 2020 maji yalifika kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu 1964, na nyumba nyingi za kando ya ziwa zikaingiwa na maji. Ukiwa na hamu hiyo kweli, anza na ofisi ya ardhi ya manispaa kabla ya kuanza na dalali.

Lori la udongo mweusi ni wazo lenye nusu ya ukweli. Watu hulimwaga juu ya kichanga, mvua ya kwanza ya vuli inalishusha kwa jirani wa chini, na hela imekwenda. Hata lisiposombwa, udongo wa mbuga juu ya luseni hukaa kama blanketi: unalowa, unapasuka, mizizi inagoma kuvuka kutoka udongo mmoja kwenda mwingine. Na mara nyingi unakuja na ndago. Ukishaingiza ndago kwenye kiwanja, mjukuu wako atakuwa bado anaing'oa. Nalikubali lori kwa jambo moja tu, nalo ni kujaza vitanda vilivyojengewa mawe pande zote, kwa kuuchanganya na kichanga chako na samadi iliyokaa miezi mingi mpaka haina harufu. Lori moja linatosha vitanda vingi. Usinunue mawili.

Inabaki kufanya bustani ya mawe, na hapo ndipo ningeweka nguvu zangu, kwa kuwa una kitu ambacho yule mama wa ufukweni hana. Mvua ya milimita moja kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Jabali lako lenye mita za mraba 20, likinyeshewa milimita 10, linamwaga chini karibu lita 200, ambazo ni ndoo kumi za lita 20, na MWAUWASA, mamlaka yetu ya maji, hawakuletei bili. Mvua ikinyesha, toka na mwavuli uangalie maji yanashukia wapi kwenye kila jiwe. Weka alama ya kijiti. Hapo kwenye kijiti ndipo unapochimba shimo la haibiskasi: upana wa mkono mzima, kina cha goti, ulijaze udongo wake uliochanganywa na mboji, uzungushie mawe madogo upande wa chini ili maji yasikimbie. Ukipata sehemu ambayo iko mashariki ya jabali umebahatika, kwa kuwa jiwe lenyewe litakuwa kivuli jua la alasiri likiwaka.

Juu ya udongo tandaza pumba za mpunga, kina cha vidole vinne, usizigusishe na shina. Mashine za kukoboa hapa Mwanza huwa na milima ya pumba. Zinazuia jua kunyonya unyevu na zikioza zinageuka chakula.

Sehemu kavu kabisa zisizopata maji ya jabali, usizilazimishe. Panda huko alovera, adeniamu, mkonge wa mapambo, na bogenvilia ikishakuwa mkubwa wa kujitegemea. Bogenvilia iliyoshika mizizi hutoa maua mengi zaidi ikibanwa kiu kidogo kuliko ikibembelezwa. Ukiimwagilia kila siku itakupa majani tu. Mchoraji Mfaransa Jacques Majorelle alitengeneza bustani Marrakesh, mji wa Moroko wenye jua kali kuliko letu, akaifungua kwa watu mwaka 1947. Wageni hukumbuka kuta za buluu kali, dungusi na vyungu. Rangi ya ukuta ndiyo ilifanya kazi ambayo maua yasingeweza. Wewe una majabali ya kijivu yenye mijusi wa vichwa vyekundu wanaoota jua bure. Kopo moja la rangi kwenye ukuta wa nyuma, bogenvilia nyekundu mbele yake, utashangaa.

Ila jiandae kwa pimbi. Kama wapo kwenye mawe yenu, watakula machipukizi laini, hasa kiangazi majani yakiadimika. Zungushia miche wavu wa kuku mpaka igeuke miti. Sumu usitege, maana mbwa wa jirani ndiye atakayeila.

Sasa, ukirudi kule uangalie nini? Kwanza, rudi mwishoni mwa Septemba. Mwezi wa nne kila bustani Mwanza ni nzuri, hata kichaka cha nyuma ya choo. Bustani inayopendeza mwisho wa kiangazi inakuonyesha mimea ipi imekubaliana na mahali na ipi inashikiliwa na mpira wa maji. Nenda saa nne asubuhi kama unataka picha. Kama unataka elimu, kaa mpaka saa nane. Utaona ni majani gani yamelala na ni yapi yamesimama wima. Yaliyosimama, yaliyo mbali na bomba, ndiyo ya kuandika kwenye daftari.

Angalia chini kabla ya juu. Inama, ushike udongo kiganjani kwa ruhusa ya mwenyeji, uukande na maji kidogo, uufinye. Ukishikana ukawa utepe una mfinyanzi, ukimwagika vidoleni ni kichanga kama chako. Pembezoni mwa bustani nyingi za ufukweni, upande wa barabarani, kuna eneo la kichanga ambalo wageni hulipita haraka kuwahi majini. Simama hapo. Hiyo ndiyo Buswelu yako.

Halafu mtafute anayeshika mpira. Mwenye bustani atakwambia jina la ua na nani alimletea. Kijana anayemwagilia atakwambia lipi limekufa mara tatu na limepandwa tena, lipi linahitaji samadi kila mwezi, na wanamwagilia saa ngapi. Msalimie vizuri, mnunulie soda, muulize swali moja: "Mngekatiwa maji mwezi mzima, hapa kingebaki nini?" Jibu lake ni orodha yako ya kupanda.

Mzee wako naye ana hoja, elfu tano ni hela. Mwambie tu kwamba watu wamelipia kuangalia maua kwa muda mrefu. Mwaka 1927 kule Uingereza bustani 609, nyingi za watu binafsi, zilifunguliwa kwa kiingilio cha shilingi moja ili kuchangia huduma ya wauguzi, na utaratibu huo unaendelea mpaka leo. Yule mstaafu wenu nadhani analipia maji na yule kijana. Mkienda tena kama kikoba, ombeni kiingilio cha kikundi, na mchukue mzee pamoja nanyi, wanaume wengi hubadilika wakifika kwenye jabali lililojengewa ngazi, wanaanza kupima kwa hatua na kusema "hata mimi naweza."

Ukitaka mtu aje kuona kiwanja kwa macho, muulize afisa kilimo wa kata yako. Ni kazi yake, hata kama umezoea kumwona kwenye mambo ya mahindi. Kama mmea mmoja baada ya mwingine unakuwa wa njano kwenye shimo lilelile licha ya mboji na maji, acha kubahatisha mbolea za dukani. Chukua udongo kidogo kutoka sehemu kadhaa za kiwanja, uchanganye, uuanike kivulini, kisha uliza kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, wilayani Misungwi, jinsi ya kuupima. Wanajulikana kwa pamba, lakini udongo ni udongo.

Na mpigie yule mama simu kabla vuli haijaanza. Mtu mwenye bustani kubwa lazima apogoe, na matawi anayoyapogoa huishia kuchomwa au kutupwa. Muombe akuwekee ya haibiskasi na bogenvilia siku hiyo, unene wa penseli, yakiwa yamefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa. Nenda na viriba vyako vikiwa tayari vimejazwa nyumbani, uvipande kabla ya jua kuzama.